Paka kaugua ghafla, nimekimbia naye usiku wa manane. Dawa zangu mwenyewe sijanunua miezi minne. Nina tatizo gani?

#1 Bundi wa Usiku
Wadau, salaam. Nina paka dume anaitwa Karani, kwa sababu hupenda kukalia makaratasi. Juzi jioni nilimwona anaingia kwenye sanduku lake la mchanga, anachuchumaa, anatoka, anarudi. Mara tano, mara sita. Nikadhani kafunga choo. Nikapekua mchanga, mkavu kabisa. Ilipofika saa saba usiku akaanza kulia ule mlio wa chini, siyo wa njaa, na huku nyuma kajilamba mpaka pamekuwa pekundu. Nikamsukumia kwenye begi la nguo, nikatoka mbio. Kufika kule ndiyo naona nimevaa kandambili za rangi mbili.

Kapona. Njia ya mkojo ilikuwa imeziba. Wakamlaza, wakamwekea mpira wa mkojo na dripu. Daktari akaniambia ningesema nilale kwanza, pengine nisingemkuta.

Sasa kilichonileta hapa. Wakati wa kumwandikisha niliulizwa kala lini mara ya mwisho, kanywa maji lini, kakojoa lini, anatumia dawa gani. Nikajibu yote, mpaka na saa. Nimekaa kwenye benchi nasubiri, ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni mtu wa presha, dawa ziliisha miezi minne iliyopita, na kisogo kinanigonga karibu kila asubuhi. Mtu angeniuliza mimi maswali yale yale nisingejibu hata moja. Vidonge vya Karani nimevitegea kengele kwenye simu.

Ni mimi peke yangu? Na inatokana na nini?

(Mniwie radhi kwa makosa ya uandishi, natumia mkono mmoja, ule mwingine Karani aliung'ata wakati namwingiza kwenye begi.)

#2 Pweza Mvivu
Hauko peke yako. Naweka kambi hapa.

#3 Kunguru Mweusi
Kosa lilianzia kwenye jina mkuu. Karani akiziba, ofisi nzima inasimama.

#4 Shangazi Mkali
Pole mwanangu. Mimi sioni ajabu. Mnyama hana mdomo wa kusema. Wewe kichwa kikikuuma unajiambia "ni usingizi tu" na jambo limeisha. Paka hawezi kukuambia ni usingizi tu, kwa hiyo unawaza mabaya yote kwa mara moja. Sisi tunajidanganya kwa sababu tuna maneno ya kujidanganyia. Yeye hana.

#5 Kijana wa Zamani
Mnakuza mambo. Paka ni paka. Huyo alikuwa na mawe kwenye figo, angepewa nusu panadol maumivu yakakata na asubuhi angekojoa. Siku hizi mtu anamkimbiza paka usiku kama mke mwenye uchungu.

#6 Daktari wa Ng'ombe na Wengineo
Naomba bandiko la #5 lisifuatwe na mtu yeyote. Panadol inaua paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu, sumu inabaki mwilini, damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya udongo. Nusu kidonge inatosha kumzika.

Pili, hayakuwa mawe kwenye figo. Kwa maelezo ya mleta mada tatizo liko chini kabisa, kwenye mrija wa kutolea mkojo. Kwa dume mrija ule ni mwembamba mno, chembe za chumvi zikichanganyika na ute zinatengeneza kizibo. Mkojo ukikwama, potasiamu inapanda kwenye damu, na potasiamu ikipanda moyo unapoteza mwendo. Ndani ya siku moja au mbili mnyama amekwenda. Kwa hiyo dume anayechuchumaa bila kutoa kitu hasubiri asubuhi. Majike huziba kwa nadra kwa kuwa mrija wao ni mpana na mfupi.

Mleta mada, ulifanya sahihi. Jiandae tu, huwa inarudi. Mpe chakula chenye majimaji, maji ya kunywa uyaweke sehemu zaidi ya moja, na usimhamishehamishe vitu vyake, kwa sababu hata wasiwasi unachangia.

#7 Kijana wa Zamani
Sawa daktari, ya panadol nimerudisha. Ya mke mwenye uchungu inabaki.

#8 Nesi wa Zamu
Jamani, mmesoma mabano ya mwisho kwenye #1, au mko bize na mawe tu?

Bundi, huo mkono ukoje?

#9 Bundi wa Usiku
Ni matundu mawili tu dada, karibu na kifundo cha kidole gumba. Damu haikutoka nyingi. Nilifuta na shati. Leo pamevimba kidogo na pana joto, ila nikikunja kidole kinakunjika, kinauma tu mwishoni.

#10 Nesi wa Zamu
Una siku ya pili, pamevimba, pana joto, kidole kinauma kukikunja, na ulifuta na shati.

Nisikilize. Jino la paka ni kama sindano. Linaingia ndani, linaacha bakteria, kisha ngozi inajifunga juu. Ndiyo maana hakuna damu na ndiyo maana watu wanadharau. Mbwa akiuma unaona nyama imechanika unakwenda. Paka akiuma unaona vitone viwili unarudi kulala. Mkononi ni pabaya zaidi, kwa sababu kano na viungo viko karibu na ngozi, na usaha ukiingia mle mtu anaweza kuhitaji upasuaji. Uvimbe huo unaoanza ndani ya saa ishirini na nne ndiyo tabia yake hasa.

Nenda leo, siyo kesho. Ukiona mstari mwekundu unapanda mkono au homa, nenda muda huo huo hata kama ni usiku. Waambie ni paka ili wakupe antibayotiki inayofaa, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda. Swali lingine: Karani amechanjwa kichaa cha mbwa?

#11 Kunguru Mweusi
Ngoja nipange vizuri. Mtu kang'atwa na mgonjwa, kampeleka mgonjwa kwa daktari, kakaa na daktari saa tatu nzima, mkono umeng'atwa upo pale mezani, na hakuna aliyeuonyesha?

#12 Bundi wa Usiku
Amechanjwa, kadi yake ipo, nimeihifadhi kwenye bahasha ya nailoni isilowe. Mkono niliuficha mfukoni. Niliona aibu, wangesema paka wangu ni mkali.

#13 Kunguru Mweusi
Umelinda sifa za paka. Sina la kuongeza.

#14 Daktari wa Ng'ombe na Wengineo
Kadi kuwepo ni afadhali kubwa. Kwa wengine wanaosoma: mnyama yeyote akikuuma, hata wako, cha kwanza ni sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano. Dakika kumi na tano ni ndefu kuliko mnavyofikiri, wekeni saa. Halafu mnyama anaangaliwa siku kumi, na kama historia yake ya chanjo haijulikani, mtu aanze chanjo yake bila kungoja. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Chanjo ipo tangu Louis Pasteur alipomtibu mtoto aliyeumwa na mbwa mwaka 1885, na bado watu wanakufa kwa sababu ya "kakwaruzo tu".

#15 Mwanasitti
Mimi nina jibu lingine, si la Shangazi. Ni woga.

Ukimpeleka paka, jibu litakalotoka ni la paka. Utalia, ndiyo, lakini jibu halikugusi mwilini. Ukijipeleka wewe, mtu mwenye koti jeupe anaweza kukutajia neno ambalo huwezi kulirudisha. Nilikuwa na uvimbe kwenye titi, mdogo kama punje ya dengu. Nilijua upo. Mwaka ule ule sungura wangu aliacha kula asubuhi moja, mchana nilikuwa nimeshampeleka, maana sungura asipokula tumbo linasimama na anaweza kufa haraka. Nikamshukuru daktari kwa kuniambia nimewahi. Uvimbe wangu nilikaa nao miezi tisa. Ulikuwa maji tu, lakini hiyo niliijua baada ya miezi tisa ya kutoligusa titi langu nikiwa naoga.

#16 Pweza Mvivu
@Mwanasitti hapo kwenye kuoga umenigusa pabaya. Nina goti sitaki kulitazama.

#17 Fundi Saa
Yangu ni ya aibu zaidi. Mimi ni mtu wa sukari, najichoma sindano ya insulini. Mbwa wangu mdogo alishikwa na parvo, anatapika, anaharisha damu, macho yameingia ndani. Siku mbili sikula chochote cha maana ila sindano nilijichoma kama kawaida, mkono unajua njia wenyewe. Siku ya tatu niko kwenye chumba cha kusubiri nikaanza kutoka jasho la baridi, midomo imekufa ganzi, nikasikia sauti za watu kama ziko chini ya maji. Nikaanguka palepale katikati ya mbwa za watu.

Mhudumu akanipa soda yake. Daktari akaja mbio na kile kimashine cha kupimia sukari ya wanyama, akanitoboa kidole. Mbwa amelazwa chumba cha kulia, mimi nimelazwa sakafuni. Tukatoka wote wazima, ila yeye alipewa karatasi ya maelekezo ya nyumbani na mimi sikupewa.

#18 Kunguru Mweusi
Fundi, kilisoma ngapi? Na walikuandikia umri kwa miaka ya mbwa?

#19 Fundi Saa
2.3, sukari imeshuka mno. Nilikuwa najadiliana na malaika.

#20 Daktari wa Ng'ombe na Wengineo
Kidogo tu: mashine ya mnyama kwa binadamu haisomi sawasawa. Sukari inagawanyika tofauti kati ya maji ya damu na chembe nyekundu, na mashine inapangwa kwa kufuata mnyama husika. Kwa hiyo hiyo 2.3 ichukue kwa tahadhari. Mwenzangu alifanya vizuri kutumia alichokuwa nacho, lakini soda ndiyo iliyokuponya.

Na parvo wenye mbwa wadogo msingoje. Ugonjwa huu ulijitokeza mwaka 1978 ukasambaa dunia nzima kwa muda mfupi, na kirusi chake kinakaa miezi mingi kwenye udongo. Chanjo zinaanza wiki ya sita hadi ya nane na zinarudiwa mpaka wiki ya kumi na sita. Watu wanachoma moja wanaona wamemaliza.

#21 Kijana wa Zamani
Wahenga walishamaliza mada hii. Mganga hajigangi.

#22 Mwanasitti
Mzee wangu, ile haina maana hiyo. Mganga hajigangi maana yake hata fundi anamhitaji fundi mwingine, kama kinyozi hajinyoi. Haisemi kwamba mganga ni mzembe.

#23 Kijana wa Zamani
Na Bundi si kamhitaji mtu mwingine wa kumwambia aende? Si ndiyo nyie mnamwambia? Methali inafanya kazi.

#24 Mwanasitti
Hapo umeponea tundu la sindano.

#25 Mtazamaji wa Kando
Huwa nasoma tu, leo naandika.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na mbwa mzee mwenye moyo uliovimba. Kila miezi mitatu alimpeleka kupimwa. Vidonge vya kupunguza maji asubuhi na jioni, na kingine cha moyo. Alichora jedwali kwa rula akalibandika kwenye friji, kila dozi anaweka tiki. Alihesabu hata pumzi za mbwa akiwa amelala, kwa dakika moja, anaandika. Zikizidi thelathini anapiga simu.

Kaka naye alikuwa na moyo. Tulijua, alijua. Alipofariki tukafungua droo, tukakuta dawa zake za miezi mitano, pakiti hazijafunguliwa. Alikuwa anakwenda kuzichukua. Hakuwa anazimeza. Droo ile ile, upande wa kulia, dawa za mbwa zimepangwa kwa tarehe.

Mbwa alimzidi miezi minne. Nilimtunza mimi kwa jedwali lile lile. Nimewasoma wote hapa, wa woga, wa mdomo, wa mganga. Sijui yeye alikuwa yupi kati ya hao.

#26 Pweza Mvivu
Pole sana ndugu.

#27 Kunguru Mweusi
Pole mkuu. Utani nauweka pembeni kwanza.

#28 Mchumi Mkavu
Poleni. Niseme la upande wangu japo litaonekana baridi.

Mnatafuta sababu za moyoni, tazameni kazi yenyewe ilivyo. Ugonjwa wa ghafla wa mnyama una mwanzo na mwisho: unakimbia, anatibiwa, anapona au anakufa. Presha haina mwisho. Kidonge cha leo hakikupi kitu unachokiona, maana presha kwa kawaida haiumi. Unameza ili jambo fulani lisitokee, na lisipotokea hupongezwi. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kuhusu wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu, ikasema hata katika nchi tajiri wanaofuata dawa inavyotakiwa ni wastani wa nusu tu. Hao wote hawana paka. Kwa hiyo Karani hajasababisha chochote. Bundi angeacha dawa hata kama angefuga mawe.

#29 Shangazi Mkali
Mbona basi kaka wa #25 alimpa mbwa kidonge cha kila siku, cha maradhi yasiyoisha, bila kukosa? Hapo hesabu yako imekwama Mchumi. Kazi ilikuwa ile ile, ugonjwa ule ule, droo ile ile.

#30 Mchumi Mkavu
Ni kweli, hapo nimekwama. Labda kwa sababu mbwa alikuwa anahema mbele yake na yeye alikuwa hajioni akihema. Nafikiria.

#31 Nesi wa Zamu
Mimi nahudumia watu. Wanaokuja wamechelewa wengi wana mtu wa kumuuguza nyumbani: mama, mtoto, mume, na ndiyo, wengine mnyama. Nikiwauliza mbona hukuja mapema, jibu ni "ningemwachia nani". Sasa nisiwasafishe wote. Kuna ambao yule mgonjwa ni pa kujificha. Ukimuuguza mwingine hakuna anayekuuliza wewe ukoje, na wengine wanaipenda hiyo. Mimi nilikuwa mmoja wao, nilikaa zamu na jino bovu mpaka shavu likajaa kama nimeweka limau.

Bundi yuko wapi? Saa nane sasa zimepita tangu #10.

#32 Shangazi Mkali
Usituambie uko kwa paka.

#33 Kunguru Mweusi
Utani umerudi. Yuko kwa paka.

#34 Bundi wa Usiku
Nilikuwa kwa paka. Ngojeni kwanza, msinirukie.

Nilipitia kumwona Karani asubuhi, mpira wametoa, kakojoa mwenyewe, nikapiga picha ya mchanga uliolowa nikamtumia mdogo wangu, naye akanijibu "umeanza kuchanganyikiwa". Kutoka pale nikaenda kuonyesha mkono. Nesi, ulisema kweli. Daktari alipobonyeza, usaha ukatoka kwenye tundu moja. Wameosha, nimepewa antibayotiki ya siku saba na sindano ya pepopunda, na wamesema ningekaa siku mbili zaidi tungekuwa tunaongea habari za kisu.

Halafu wakanifunga ule mkanda wa presha, mkono mzima. 178 kwa 110. Yule dada akarudia mara ya pili, akanikalisha dakika tano nisiongee, akapima tena, 174 kwa 108. Akaniuliza naumwa kifua? Naona vizuri? Mkono au mguu una udhaifu? Hapana zote. Nimerudishiwa dawa za zamani, nimechukuliwa damu na mkojo kuangalia figo. Mkojo wangu nao unapimwa, Karani angefurahi.

Akaniuliza kwa nini niliacha. Nilikuwa nimebeba majibu yenu yote kichwani, nikaishia kusema "zilikwisha".

#35 Nesi wa Zamu
Afadhali. Ingefika 180 kwa 120 pamoja na dalili mojawapo ya alizokuuliza, wasingekuruhusu kurudi nyumbani. Antibayotiki maliza zote hata mkono ukipoa. Na ya presha usiongeze dozi mwenyewe ili "kufidia" miezi minne. Kuna watu wanafanya hivyo.

#36 Bundi wa Usiku
Nilikuwa nataka kuuliza hilo hilo. Sawa.

#37 Kijana wa Zamani
Hongera kijana. Daktari wa ng'ombe, nauliza ya pembeni: ni kweli mwaka mmoja wa paka ni saba ya mtu? Nataka kujua huyu Karani ananizidi au namzidi.

#38 Daktari wa Ng'ombe na Wengineo
Hapana. Paka wa mwaka mmoja ni kama kijana wa miaka kumi na mitano, wa miaka miwili kama ishirini na minne, kisha kila mwaka unaongeza kama minne. Makadirio tu.

#39 Bundi wa Usiku
Karani ana sita.

#40 Kijana wa Zamani
Arobaini. Mtu mzima kabisa, anajilamba hadharani.

#41 Mwanasitti
Bundi, umeambiwa urudi lini?

#42 Bundi wa Usiku
Jumatatu saa tatu asubuhi. Tatizo Karani naye ana miadi Jumatatu, kupimwa mkojo.

#43 Mwanasitti
Saa ngapi?

#44 Bundi wa Usiku
Saa tatu.

#45 Kunguru Mweusi
Wadau, shikeni viti.

#46 Bundi wa Usiku
Nimeshapiga simu kuahirisha moja.

#47 Shangazi Mkali
Ipi?

#48 Pweza Mvivu
IPI?

#49 Nesi wa Zamu
Bundi.

#50 Bundi wa Usiku
Nilikuwa napika, sikuona simu. Nimesogeza ya Karani, Jumanne saa nne, daktari wake kasema maadamu anakojoa hakuna shida. Mdogo wangu ndiye atampeleka.

#51 Kunguru Mweusi
Weka picha ya kadi yako. Siyo ya paka.

#52 Bundi wa Usiku
Naitafuta. Ya paka iko kwenye bahasha, yangu sikumbuki nimeiweka wapi.